Nati Nyekundu: Somo la Karakana kwa Wapenzi wa Kiswahili

Ndugu msomaji, usishangae kuona lori la jeshi katika jarida la Chama cha Kiswahili. Lugha huishi mahali watu wanapofanya kazi. Sisi wa Kibokoni, lori haliingii vichochoroni mwetu, lakini vipande vyake huingia: kabureta, staata na silinda ya breki hufunguliwa barazani juu ya gazeti, watoto wakitazama. Nami ni mmoja wa waliotazama, na niliyojifunza ndiyo haya.

Hebu tuchukue mfano wa Bedford QL. Lori hili lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1941 kwa ajili ya jeshi, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vita hivyo vilitufikia hata sisi, maana mwaka 1942 meli za kivita za Uingereza zilifanya Kilindini kituo chao. Yalitengenezwa zaidi ya malori 50,000. Injini yake ni ya petroli, silinda 6, nayo huendesha magurudumu yote 4. Ndiyo sababu halikwami matopeni upesi. Vita vilipokwisha, malori mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia, na hadi leo wako watu wanaoyatunza wenyewe nyumbani.

Je, lori kama hili huuawa na nini? Si umri. Ni mambo matatu.

(i) Chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma chenye unyevu hushika kutu. Manahodha walilijua hili zamani: jahazi lilipandishwa pwani, likasuguliwa, likapakwa shahamu chini na mafuta ya sifa ubavuni. Lori nalo ni vivyo hivyo. Lioshe kwa maji matamu, hasa chini ya chesi. Likikauka, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha tia grisi viungoni. Fanya kazi hii kabla ya masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta!

(ii) Breki. Malori mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Kibomba kimoja kikipasuka, breki zote zimekwenda. Tena mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu yaujua unyevu. Maji yakishaingia, silinda hupata kutu kwa ndani. Lori likiteremka mlima, breki hushika moto, maji yageuka mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva akanyaga pedeli, yazama tu, gari laenda. Basi badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka 2, wala usitie oili ya injini mahali pake. Mipira ya silinda itafura na kuharibika.

(iii) Rimu. Hapa si mchezo. Malori mengi ya jeshi la Uingereza ya wakati ule yana rimu ya vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Kwa hiyo kila gurudumu lina nati za aina mbili: za kulishika gurudumu kwenye habu, na za kushika vile vipande viwili. Jeshi lilizipaka hizi za pili rangi nyekundu. Mtu akizifungua tairi ikiwa na upepo, vipande huruka kwa nguvu ya kuua. Na lori kuukuu limepakwa rangi mara nyingi, huenda wekundu umefunikwa kitambo. Kanuni ni moja: toa upepo wote kabla ya kugusa nati yoyote. Kutenganisha rimu na kujaza upepo si kazi za nyumbani. Wapelekee mafundi wa matairi wenye kizimba cha chuma.

Sasa tazama, mwenzangu, Kiswahili kinavyoingia. Fundi akimwambia mwanafunzi wake, "Fungua ile kitu hapo," amemweka hatarini. Akisema "nati ya gurudumu, si nati ya rimu," amemwokoa. Wazee wetu hawakukosa majina. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari. Parafujo na bomba tuliyapata kwa Wareno, msumari na lehemu kwa Waarabu, gari kwa Wahindi, spana na jeki kwa Waingereza. Kila mgeni alileta kifaa na jina lake, nasi tukavipokea vyote viwili. Tusipoteze majina tukabaki na vifaa tu, maana kifaa kisicho na jina hakiwezi kufundishwa salama.

Maswali
1. Eleza kwa nini mafuta ya breki huharibika upesi zaidi Mombasa kuliko mahali pakavu.
2. Taja maneno mawili ya karakana yaliyotoka baharini au kwa wageni, na ueleze asili yake.
3. Mtembelee fundi wa mtaani kwenu, uandike majina ya vifaa 10 anavyotumia. Kwa kila kimoja, eleza ni hatari gani inaweza kutokea kikichanganywa na kingine.