Onesimo Yumo Nyumbani Mwetu

Katika Maandiko Matakatifu umo waraka mmoja mfupi sana, ambao Wakristo wengi huupita wakifunua kurasa bila kuuona, kwa kuwa una sura moja tu, na aya zake ni 25. Ndio Waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni. Leo twapenda kuusoma pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, hasa ninyi akina baba na akina mama mlio na watumishi nyumbani. Maana katika nyaraka zote za Mtume huyu, ndio pekee ulioandikwa wote mzima kwa ajili ya mtumishi mmoja wa nyumba moja.

Habari yake ni hii. Filemoni alikuwa Mkristo mwenye uwezo, na yaelekea alikaa Kolosai. Alikuwa na mtumwa aitwaye Onesimo, ambaye, kama wengi wanavyoufahamu waraka huu, alimtoroka bwana wake, na labda alimtia hasara pia. Huyo Onesimo akamkuta Paulo kifungoni, akawa Mkristo. Paulo akamrudisha kwa bwana wake na barua mkononi, akimwomba Filemoni ampokee, si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa.

Hebu tuangalie barua yenyewe imeandikiwa nani. Mtu angedhani Paulo angemwandikia Filemoni peke yake kwa siri, kwa kuwa ni jambo la ndani ya nyumba yake. Sivyo. Anawataja pia Afia na Arkipo, na kanisa lote lililokuwa likikusanyika katika nyumba ya Filemoni. Nasi twajua kutoka Waraka kwa Wakolosai, sura ya 4, kwamba barua za Mtume zilisomwa mbele ya mkutano wa waamini. Basi fikirini: majirani wameketi, mwenye nyumba ndiye aliyewakaribisha, na somo la siku hiyo ni jinsi atakavyomtendea mtumishi wake mwenyewe!

Mkutano wa namna hiyo twaujua vema. Tangu miaka ya 1970 Maaskofu wa Afrika ya Mashariki wametuhimiza kuishi katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, na kila juma nyumba zetu hupokea Jumuiya kwa zamu. Viti huazimwa kwa jirani, Rozari husaliwa, Injili husomwa, na kila mtu huombwa aseme Neno limemgusaje. Lakini yule binti anayetufanyia kazi yuko wapi saa hiyo? Yuko uani, anachochea moto wa chai ya wageni. Naye ni Mkristo kama sisi. Alibatizwa na kupata Kipaimara katika parokia ya kwao, Iringa, au Singida, au Dodoma. Hakuna amwitaye aje kuketi. Jina lake halimo katika daftari la Jumuiya, hata kesho akihitaji barua ya Jumuiya kwa ajili ya ndoa yake ataambiwa kwamba hajulikani, na hali amekuwa akiwapikia chai viongozi hao hao miaka miwili.

Hilo ni la heshima. Liko na la haki, nalo ni zito zaidi: mshahara wake.

Paulo hakuishia kusema maneno matamu ya udugu. Katika aya ya 18 na ya 19 anasema kwamba kama Onesimo amemdhulumu Filemoni au anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu yake Paulo. Tena anaahidi kwa mwandiko wa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Aya hizo hatuzisikii kanisani siku ya Dominika. Waraka huu husomwa katika Dominika ya 23 ya Mwaka C, lakini somo lenyewe laishia aya ya 17, kabla ya habari za deni. Hatulaumu; masomo ya Misa hayana budi kufupishwa. Twasema tu kwamba yafaa Mkristo awe na Biblia yake nyumbani, akasome na yaliyosalia.

Kwa Onesimo, aliyedhaniwa kudaiwa alikuwa mtumishi. Katika nyumba zetu mara nyingi mdaiwa ni bwana na bibi wa nyumba. Nani asiyejua maneno haya: “Fedha yako nakutunzia, utaichukua yote siku ya kwenda kwenu”? Miezi hupita, sita, kumi. Siku ya safari ikifika hesabu huanza kufanywa upya: sahani zilizovunjika, dawa alipougua malaria, nguo aliyopewa Noeli, ambayo wakati ule iliitwa zawadi. Binti hupewa nauli na kitenge, naye hushukuru, maana hana pa kushtaki. Wengine hujitetea wakisema, “Anakula kwetu, analala kwetu, ni kama mwanangu.” Je, mwanao huamka saa kumi na moja ili awashe moto wakati wengine wamelala? Je, mwanao hukosa shule ili amlee mtoto wa mwingine? Neno “kama mwanangu” ni zuri kwa mwenye kulitimiza. Kwa mwingine huwa ni njia ya kukwepa malipo.

Maandiko hayatuachii nafasi ya kuzungukazunguka hapa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, laamuru kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu roho yake yautazamia ujira huo, asije akamlilia Mungu. Mzee Tobiti, akidhani kifo chake kimekaribia, alimwusia mwanawe Tobia mambo mengi. Mojawapo, katika sura ya 4, ni kwamba ujira wa mtu usilale kwake hata usiku mmoja. Yoshua bin Sira, sura ya 34, amhesabu anayemnyima mfanya kazi ujira wake kuwa sawa na mmwaga damu. Naye Mtume Yakobo, sura ya 5, asema ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana. Ndiyo maana katekisimu huiweka dhambi hii pamoja na damu ya Abeli, miongoni mwa zile zinazolia mbinguni. Baba Mtakatifu Leo XIII, alipotoa barua yake kuu juu ya wafanya kazi tarehe 15 Mei 1891, aliwakumbusha matajiri maneno hayo hayo ya Yakobo. Wengi hudhani alikuwa akisema na wenye viwanda vya Ulaya tu. Lakini dhuluma ya ujira ni ile ile, iwe kiwandani au jikoni.

Basi tufanye kama Paulo: tuandike kwa mkono wetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kwanza binti anapofika, mshahara utajwe na uandikwe, na mzazi au ndugu yake ajulishwe. Kila mwisho wa mwezi apewe mkononi, au utumwe kwa simu kule atakapo yeye, nalo litiwe daftarini. Akitaka kutunziwa, hiari iwe yake. Kwa jambo hili hata serikali imekwisha kututangulia: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, tena yaamuru saa 24 za mapumziko kila juma na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Mapumziko hayo Mungu aliyaagiza zamani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 20, amri ya siku ya Bwana yamtaja waziwazi mtumishi wa kiume na wa kike. Mama anayekwenda Misa ya pili akimwacha binti na sufuria za pilau, amejipangia Dominika yake kwa kuchukua ya mwenzake. Misa ya kwanza ipo, na pilau inaweza kungoja.

Hatusemi kwamba watumishi wote ni malaika. Wako wezi, wako wanaowapiga watoto, wako waondokao usiku bila kuaga. Onesimo naye hapo kwanza hakuwa wa kufaa, na Paulo asema hivyo pasipo kuficha. Kosa la mtumishi lina njia yake ya kuhukumiwa. Kumkata mshahara kimyakimya si mojawapo.

Lasalia neno kwa mwenye kukumbuka, asomapo mistari hii, binti aliyekwisha kuondoka bila haki yake. Zakayo hakusema tu kwamba anasikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Mafundisho ya Kanisa ni yale yale: anayeungama kwamba alichukua mali ya watu na hali anaweza kuirudisha, sharti airudishe. Siku hizi si kazi ngumu, kwa kuwa namba ya simu ya binti huyo, au ya mama yake, mara nyingi ingalimo katika simu yetu. Hesabu miezi, tuma fedha yote, na umwambie ni ya nini. Kama hajulikani tena alipo, tafuta habari zake kwa yule aliyemleta. Kama hata huyo hayupo, mweleze padre katika Kitubio, naye atakuonyesha maskini wa kupewa fedha hiyo.