Soko na Urithi Ndani ya Programu: Somo Kutoka Busia



Ndugu zangu, neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia miaka ya 1960, wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda. Nilikulia Tororo, na kila nikivuka mpaka hujiuliza: vijana hawa hawana mkubwa wa kuwagawia kazi, mbona abiria hakosi wa kumbeba?

Katika programu zenye mawakala wengi, kila wakala hujiamulia mwenyewe. Njia ya kwanza ya kuwagawia kazi ni soko: kazi hutangazwa, mawakala hutaja bei, anayefaa zaidi hupewa. Reid Smith aliieleza njia hii mwaka 1980. Lakini soko hugawa kazi ya leo tu. Halimfundishi wakala kupanga bei mvua ikinyesha au foleni ya malori ikirefuka.

Hapo huingia njia ya pili, ya kijeni, aliyoieleza John Holland katika kitabu chake cha 1975. Kanuni za wakala huandikwa kama jeni: nauli ya chini, muda wa kungoja, na lini aache safari moja kwa ajili ya nyingine. Baada ya muda, waliopata faida hurithisha: jeni za wawili huchanganywa, na chache hubadilishwa kwa bahati nasibu. Walioshindwa huondolewa. Kwa hiyo soko ndilo huamua nani arithishe.

Nilijenga mfano wa Busia wenye mawakala 40. Nauli ililipwa mwanzoni, nami nilipima fedha tu. Bei zilishuka, nikafurahi. Nilipokagua safari moja moja, nikakuta mawakala wanataja bei ndogo, wanapokea nauli, kisha wanamwacha abiria njiani na kukimbilia mwingine. Sikuwaandikia hila hiyo. Kipimo changu kiliizawadia, ikarithishwa.

Nikabadilisha: nauli ihesabiwe abiria akifika, na anayemwacha alipe fidia. Vizazi vichache baadaye hila ikafifia.

Ndugu zangu, kesho tutaandika programu zitakazogawa riziki za watu halisi. Anayechagua kipimo amechagua tabia, na kipimo hicho ni amana mikononi mwetu.

Zoezi: mawakala wote wakikubaliana kupandisha bei, utabadilisha nini, soko au jeni? Tujadiliane tukikutana.

Wabillahi tawfiq.