Mzima ni Nani? Kiswahili na Dhiki ya Ukamilifu wa Mwili

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja hali ya mtu ambaye viungo vyake vyote ni timamu, lakini anahisi kwamba kimojawapo, aghalabu mguu, hakistahili kuwa mwilini mwake. Wapo pia wanaotamani kupooza au kupofuka. Kwa wengi hisia hiyo huanza utotoni au mwanzoni mwa ubalehe, nao huificha kwa miaka mingi. Baadhi hutembea kwa magongo faraghani ili wapate japo utulivu wa muda mfupi.

Historia ya majina ya hali hii ina mafunzo kwa mwanaistilahi. Mnamo mwaka wa 1977, John Money na wenzake waliiita apotemnofilia, jina lililoundwa kwa mizizi ya Kigiriki yenye maana ya kukata na mapenzi. Hivyo hali nzima ikachukuliwa kuwa ashiki, na aibu ikawaandama hata wale ambao mateso yao hayakuhusiana na ashiki. Mwaka wa 2005 Michael First, daktari wa akili wa Marekani, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu 52. Wengi wao walieleza haja ya kuuoanisha mwili na utambulisho wao, naye akapendekeza hali hiyo itazamwe kwa jicho hilo. Hatimaye Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika mwaka wa 2022, likisisitiza mateso anayoyapata mhusika. Kwa msingi huo, makala haya yanapendekeza istilahi dhiki ya ukamilifu wa mwili. Dhiki, neno lililotoholewa kutoka Kiarabu, asili yake ni wembamba na kubanwa. Ni vigumu kupata picha iliyo karibu zaidi na tajriba hii.

Neno ukamilifu, hata hivyo, lina utata wake. Katika Kiswahili, kivumishi -zima hubeba maana za kutopungua, kuwa na afya, kuwa hai na hata kukomaa kiumri. Anayeulizwa iwapo ni mzima huulizwa mambo hayo karibu yote kwa mkupuo mmoja. Mtu anayesema kuwa atakuwa mzima pindi atakapopungukiwa na mguu anaipinga lugha yenyewe, na msikilizaji wa kawaida atamwita mwendawazimu bila kusita.

Hukumu hiyo si sahihi. Mwenye dhiki hii hajapotewa na uhalisia. Anajua vyema kuwa mguu ni wake, na mara nyingi anaweza kuonyesha barabara mahali ambapo mwili wake, kwa hisia zake, unakomea. Ushauri nasaha na dawa za sonona huweza kumpunguzia huzuni, ila tamaa yenyewe kwa kawaida haiondoki. Ndiyo sababu mjadala wa upasuaji ulizuka. Huko Falkirk, Uskoti, daktari Robert Smith aliwakata wanaume wawili mguu mmoja mmoja, mwaka wa 1997 na wa 1999. Habari zilipoenea mwaka wa 2000, hospitali ilipiga marufuku upasuaji wa aina hiyo. Suala la iwapo daktari anaruhusiwa kuondoa kiungo kisicho na maradhi halijapata jibu moja.

Kwa mfasiri, hatari kubwa zaidi imo katika kimilikishi -angu. Wapo wagonjwa wa kiharusi ambao hukana katakata kuwa mkono uliopooza ni wao, hata wakadai ni wa mtu mwingine. Kauli “mguu huu si wangu” inawafaa hao. Ikitumiwa kufasiri maneno ya mwenye dhiki ya ukamilifu wa mwili, daktari ataandika kwamba mgonjwa amekana kiungo chake, na matibabu yatafuata njia isiyomhusu. Tafsiri iliyo karibu na ukweli ni ndefu kidogo: “mguu huu ni wangu, lakini mimi sikustahili kuwa nao.”