Kutandika Mawe Mahali pa Kukamulia: Ng'oa Sangari Kwanza

Mkulima, mwezi wa kwanza na wa pili, wakati wa kiangazi, ndio wakati mwema wa kutandika mawe mahali unapokamulia ng'ombe. Mvua ndefu zikianza mwezi wa tatu, kazi hii haiwezekani. Wewe uliye Kinangop, katika mashamba yaliyogawanywa kwa skimu tangu miaka ya 1960, wajua jinsi udongo wa huko unavyoshika maji. Ng'ombe akisimama katika matope na magugu, kwato huoza na kiwele huchafuka. Maziwa yakirudishwa kwa uchafu, hasara ni yako.

Watu wengi hudhani kwamba jiwe likifunika gugu, gugu hufa. Mimi pia nilidhani hivyo. Mara ya kwanza nilifyeka sangari kwa panga tu, nikamwaga mchanga, nikapanga mawe juu yake. Kabla mvua za mwezi wa nne hazijaisha, majani yalikuwa yamejitokeza katika kila ufa, na mawe mengine yameinuliwa upande mmoja. Nililazimika kuyaondoa yote na kuanza upya.

Sangari haiishi kwa majani yake. Inaishi kwa ile mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini ya udongo, na kila kifundo cha mzizi huo chaweza kutoa mche mpya. Ukiikata vipande kumi kwa jembe, umepanda sangari kumi. Nyasi za Kikuyu zina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo tumia jembe uma, si jembe la kawaida. Inua udongo, upukute, uvute mzizi mzima kwa mkono. Ukiona umeshuka futi moja, ufuate huko huko. Anika mizizi yote juani mpaka ivunjike mkononi, kisha uichome. Usiitupe katika shimo la mbolea, maana itarudi shambani pamoja na samadi.

Baada ya hapo ngojea wiki tatu. Najua ni vigumu kungoja wakati mawe yamekwisha kuletwa, lakini hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Nyunyiza maji kidogo, na kila kitakachochipuka kichimbe tena. Walio katika skimu za joto wenye ndago wangoje zaidi, kwa sababu ndago ina viazi vidogo chini vinavyoshikana kama shanga. Wako wanaotandika karatasi ya plastiki chini ya mawe wakitumaini itazuia. Ncha ya ndago ni kali, huitoboa karatasi hiyo, na maji ya mvua hutuama juu yake. Afadhali pesa hizo ununue changarawe.

Sasa pima mahali pako. Uwanja wa futi 12 kwa futi 9 watosha ng'ombe mmoja au wawili wakati wa kukamua. Ukitumia mawe ya inchi 9 kwa inchi 9, yenye unene wa inchi 4, utahitaji 192. Agiza machache zaidi, kwa maana mengine yatapasuka. Chimba inchi 8. Weka changarawe inchi 4 na uishindilie kwa gogo zito mpaka kisigino kisiache alama. Juu yake weka mchanga inchi 1, halafu mawe, upande wenye kukwaruza ukiwa juu ili ng'ombe asiteleze. Mawe yatasimama inchi moja juu ya ardhi. Yainamishe inchi 1 kwa kila futi 4, mbali na nyumba, na maji yaende kwa mfereji mpaka kwenye mabingobingo yako.

Nyufa kati ya mawe zisizidi nusu inchi. Katika njia ya miguu, mchanga mkavu uliofagiliwa ndani watosha. Mahali pa ng'ombe mchanga mtupu haufai, kwa sababu ukiosha hutoka, mavi yanaingia badala yake, na mbegu hupata shamba zuri kuliko lako. Changanya simiti debe 1 na mchanga madebe 4, ufagilie ndani, unyunyize maji polepole, na ufunike kwa magunia mabichi kwa siku tatu. Ng'ombe wasikanyage kabla ya wiki moja.

Usisahau ukingo. Sangari iliyo nje huingia kwa upande, chinichini. Simamisha mawe marefu pande zote nne, yazame futi moja, na nje yake uache ukanda wa futi moja usio na kitu, unaolimwa kila wiki mbili.

Uwanja ukiisha, fagia kila siku. Mbegu huja na upepo, na nyasi kavu, hata ndani ya mavi, nazo huota katika vumbi lililo juu ya nyufa. Mche mdogo hung'oka kwa vidole viwili. Wengine humwaga chumvi au oili chafu ya gari ili kuua magugu. Usifanye hivyo. Vitu hivyo hufuata mfereji mpaka kwenye mabingobingo, na kisima kikiwa karibu, vyaweza kuingia humo pia.