Pesa Imetoka, Meseji Haijaingia: Nitume Tena ama Ningoje?

Uko dukani, umelipia unga na mafuta, shilingi 640. Umeweka PIN, simu inazungusha kile kiduara, halafu kimya. Mwenye duka anasema hajaona kitu. Foleni nyuma yako inaanza kuguna. Hapo karibu kila mteja hujiuliza swali lile lile: nitume tena ama ningoje?

Jibu letu ni ngoja, na usitume tena kabla hujaangalia taarifa ya akaunti yako. Lakini tumeona kwamba mtu akiambiwa tu "ngoja" bila sababu, hangoji. Kwa hivyo leo tuingie chumba cha seva tuone dakika kama hiyo inaweza kupotelea wapi. Sababu ni nyingi, kuanzia mnara wa simu ulio karibu nawe. Tumechagua moja ambayo wateja hawaisikii sana: kadi za mtandao za seva, na programu inayohamisha kazi kutoka kadi moja kwenda nyingine.

Seva ni kompyuta inayopokea ombi lako na kuandika kwamba shilingi 640 zimetoka kwako zimeenda kwa mwenye duka. Inaongea na kompyuta nyingine kupitia kadi ya mtandao, na kebo inatoka kwenye kadi hadi kwenye swichi. Si swichi ya taa hii, ni sanduku linalopokea kebo nyingi na kupeleka kila ujumbe kwa anayestahili. Kwa sababu kadi huharibika na kebo hung'oka, seva ya malipo huwekewa kadi mbili au zaidi. Moja inafanya kazi, nyingine iko akiba. Draiva, na hatusemi yule wa matatu, ndiyo programu inayoendesha kadi. Juu yake kuna nyingine inayozifunga kadi mbili zionekane kama moja na kuamua ni ipi itumike. Kwenye Linux kazi hiyo imo ndani ya mfumo wenyewe. Kwenye Windows zamani ulitegemea programu ya mtengenezaji wa kadi, hadi Windows Server 2012 ilipokuja na yake.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani mambo yamekwisha: kadi ya kwanza ikifa, ya pili inashika. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, na hutajua chochote kilitokea. Programu ikikagua kebo kila milisekunde 100, yaani mara kumi kwa sekunde, kuhama kunaweza kuisha kabla hujapepesa macho mara ya pili. Shida ni kwamba kadi haifi kila mara kwa heshima.

Chukua kisa kinachojulikana sana na mafundi wa mitandao. Kebo ya seva iko sawa, taa ya kadi inawaka kijani, swichi iliyo karibu iko hai. Lakini swichi hiyo imekatika kutoka kwa ile ya mbele yake. Programu inayokagua kebo pekee inaona kijani na kusema kila kitu kiko shwari. Haihami. Ujumbe unatoka kwenye seva na kuishia hapo karibu, kama basi lililo stendi injini ikinguruma na huku barabara imechukuliwa na mafuriko. Na kadi ya akiba, ambayo njia yake ni nzima, imekaa bure.

Dawa yake ni kuacha kuamini taa. Programu inaambiwa iulize anwani fulani iliyo mbele: upo? Jibu lisipokuja, inahama hata kama kebo ni nzima. Lakini dawa hii nayo ina maudhi yake. Ukiipa anwani moja tu ya kuuliza, na mashine yenye anwani hiyo ikazimwa kwa matengenezo, seva itadhani kadi zake zote mbili zimekufa. Ndiyo maana mafundi huweka anwani zaidi ya moja. Kuna lingine la ujanja zaidi: seva kadhaa zikiwa kwenye swichi moja na zote zinauliza anwani ile ile, kadi inaweza kusikia maswali ya jirani yake ikadhani ni uhai wa njia yake yenyewe. Kila mmoja anamhesabu mwenzake kuwa ndiyo mtandao! Kwa hilo kuna mpangilio unaoilazimisha programu kuchunguza kama ujumbe uliokuja kweli ni ule unaohusu swali lake. Bila mpangilio huo, ukaguzi wenyewe unadanganya.

Kisa cha pili kinawashangaza watu, kwa sababu hutokea kadi inapopona. Fundi amebadilisha kebo mbovu na kuchomeka mpya. Seva inaona kadi ya kwanza imerudi na kuikimbilia mara moja. Lakini swichi nyingi, kebo ikichomekwa, hazipitishi data papo hapo. Kwanza zinasikiliza sekunde 15, kisha zinajifunza sekunde 15 nyingine, ili kuhakikisha kebo hiyo haijatengeneza mzunguko utakaozungusha data bila mwisho. Jumla ni sekunde 30. Kwa muda huo seva imeiacha kadi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, ikahamia njia ambayo bado imefungwa. Yaani mtandao unakatika kwa sababu ya kutengenezwa.

Hapa mafundi wana njia tatu. Wanaweza kuiambia programu isubiri zaidi ya sekunde hizo 30 kabla ya kuamini kadi iliyorudi. Wanaweza kuiambia swichi kwamba mlango huu una seva tu, hivyo isingoje. Au wanaamua kwamba seva ikishahamia kadi ya pili ibaki huko huko hadi siku hiyo ya pili iharibike. Sisi tunaipenda hii ya tatu. Kadi inayopona na kuugua kila dakika chache, kwa kebo iliyolegea kwa mfano, ni mbaya kuliko iliyokufa kabisa, maana kila kurukaruka ni mtikisiko mwingine kwa anayelipa.

Kuna na la swichi kukumbuka mlango wa zamani. Seva ikihamia kadi ya pili inatakiwa itangaze, "sasa nipo huku." Tangazo likipotea, swichi inaweza kuendelea kwa muda kupeleka majibu kwenye mlango wa kwanza. Programu ya Linux hutangaza mara moja isipoambiwa vingine, kwa hivyo fundi anaweza kuongeza idadi. Na zipo kasoro ambazo hakuna mpangilio utakaozitibu: kadi mbili ambazo kumbe ni milango miwili ya kadi moja, au kebo mbili zilizoingia kwenye swichi moja. Hiyo ni akiba ya jina tu.

Sasa turudi kwenye zile 640. Kati ya simu yako na rekodi kuna safari mbili: ombi linakwenda, jibu linarudi. Mtandao wa seva ukikatika wakati wa safari ya kwanza, huenda ombi halikufika na pesa yako haijaguswa. Ukikatika wakati wa safari ya pili, pesa imeshatoka, mwenye duka ameshaandikiwa, na kilichokwama ni meseji tu. Kwenye skrini yako hali hizi mbili zinafanana kabisa. Simu yako haina namna ya kuzitofautisha. Taarifa ya akaunti inayo, kwa sababu inasoma rekodi yenyewe.

Na ukituma tena? Mifumo ya malipo hutoa namba ya pekee kwa kila ombi. Ombi lile lile likifika mara mbili kwa namba ile ile, la pili linakataliwa. Lakini ukifunga ukurasa, ukapiga USSD upya na kuweka PIN upya, hilo kwa mfumo ni ombi jipya lenye namba mpya. Mfumo hauwezi kujua kama umerudia kwa wasiwasi au kweli unataka kununua unga mara ya pili. Ukurasa wa USSD nao una muda wake. Ukifungika wenyewe bila jibu, hiyo haimaanishi malipo yamefutwa.

Kwa hivyo fanya hivi. Ngoja dakika chache. Kisha angalia salio, na bora zaidi fungua taarifa ya miamala yako uone kama zile 640 ziko pale pamoja na msimbo wake. Zikiwepo, mwonyeshe mwenye duka msimbo aulinganishe na taarifa ya till yake. Zisipokuwepo, rudi uangalie mara ya pili kabla ya kulipa upya. Kama umeshalipa mara mbili, omba kurudishiwa haraka, kwa sababu pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi ngumu.

Wewe mwenye duka, usitoe bidhaa kwa kuangalia skrini ya mteja, na usimlazimishe kutuma tena kwa sababu meseji imechelewa kwako. Angalia till yako mwenyewe. Na siku mtandao unapoyumba, jihadhari na anayekupigia akisema, "Malipo yamekwama, nitumie ile PIN nikufungulie." Hakuna fundi wa seva anayehitaji PIN yako kuhamisha kadi ya mtandao.

Ukitupigia kuhusu malipo yaliyokwama, kuwa na mambo matatu: namba uliyolipa, kiasi, na saa uliyoweka PIN. Saa ndiyo watu wengi husahau, na ndiyo inayotuwezesha kulinganisha ombi lako na dakika ambayo mtandao uliyumba.