Mtoto wa Mgeni Kifungoni

Somo la mwezi kwa mikutano ya usharika. Someni kwanza: Kut. 22:21-24, Kum. 24:16, Mat. 2:13-15, Rum. 13:1-10.



Somo letu la mwezi huu ni juu ya watoto wanaofungiwa kwa sababu wamevuka mpaka wa nchi pasipo hati. Watoto hawa hawakuiba wala hawakumpiga mtu. Wengine walibebwa mgongoni, wengine walishikwa mkono na wazazi wao, wengine walitumwa kwa jamaa zao katika nchi ya mbali. Nao walipofika mpakani wakawekwa nyuma ya kufuli. Jambo hili hutendeka katika nchi nyingi. Sisi tutatazama nchi moja, yaani Marekani, kwa sababu huko mkuu mmoja wa serikali alilitetea kwa maneno ya Mtume Paulo. Na Neno la Mungu likitajwa hivyo, yatupasa kulichunguza.

1. Mambo yaliyotokea

Mwaka 1985 msichana wa miaka 15 alikimbia vita vya kwao El Salvador, akakamatwa Marekani, akawekwa kizuizini pamoja na watu wazima asiowajua. Jamaa yake alikuwa tayari kumpokea, lakini maofisa walikataa kumtoa ila kwa mzazi au mlezi wa sheria. Mawakili wakapeleka shauri barazani kwa ajili yake na wenzake. Shauri hilo lilidumu miaka 12, likaisha mwaka 1997 kwa mapatano yanayoitwa Flores. Humo serikali iliahidi kwamba mtoto atatolewa pasipo kukawia, akabidhiwe mzazi au jamaa; tena akiwa bado mikononi mwao, atawekwa mahali safi na salama, pasipo ukali usiohitajiwa. Mwaka 2015 hakimu aliamua kwamba mapatano hayo yawahusu pia watoto waliokamatwa pamoja na wazazi wao, na siku 20 zikawa kipimo cha kawaida.

Mwezi wa Aprili 2018 serikali ilitangaza kwamba kila mtu mzima atakayekamatwa akivuka mpaka wa kusini pasipo ruhusa atashtakiwa kama mhalifu. Basi mzazi alipelekwa barazani. Na kwa kuwa mtoto hawezi kuingia gereza la watu wazima, aliandikwa kama mtoto asiye na mzazi, akapelekwa mahali pengine, pengine mamia ya maili. Wazazi wengi walihukumiwa siku chache tu. Lakini waliporudi, mtoto hayuko. Katika kituo cha McAllen, Texas, watoto walikaa ndani ya vizimba vya waya, wamejifunika mashuka membamba yang'aayo kama bati. Tarehe 20 Juni rais aliamuru kutenganisha kukome, na tarehe 26 Juni hakimu wa San Diego aliagiza watoto warudishwe kwa wazazi wao katika siku 30, na wale walio chini ya miaka 5 katika siku 14. Hapo likaonekana jambo la aibu: hapakuwa na daftari iliyo kamili ya kuonyesha mtoto yupi ni wa mzazi yupi. Mwishowe ilijulikana kwamba watoto waliotenganishwa katika miaka ile walizidi 5,000. Mchungaji wa mbuzi huwajua wana-mbuzi na mama zao. Je, watu wenye vyombo vya kila namna wasiwajue?

Wala jambo la kuwafungia watoto halikuisha kwa hayo. Mwaka 2014 kilifunguliwa kituo kikubwa huko Dilley, Texas, chenye vitanda 2,400 kwa ajili ya akina mama na watoto wao. Desturi ya kuwafungia jamaa nzima ilikomeshwa mwaka 2021. Lakini mwaka 2025 kituo cha Dilley kilifunguliwa tena kwa kazi ile ile. Kwa hiyo mtoto akiwa pamoja na mamaye, tusiseme upesi kwamba yote ni mema. Kufuli ni kufuli, hata mama akiwa ndani yake.

2. Warumi 13 yasemaje?

Tarehe 14 Juni 2018 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Jeff Sessions, alihutubia katika mji wa Fort Wayne, Indiana. Alitaja Warumi 13, akasema kwamba sheria za serikali yafaa zitiiwe, maana Mungu ameziweka serikali kwa ajili ya utaratibu.

Sisi Walutheri hatuidharau sura hiyo. Twafundisha kwamba serikali ni mtumishi wa Mungu. Ina haki ya kulinda mpaka, kuuliza hati, na kumrudisha mtu baada ya hukumu iliyo halali. Lakini na tuisome sura yote. Mstari wa 4 wasema kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na upanga wake ni juu ya yeye atendaye mabaya. Haya, mtoto wa miaka 3 ametenda baya gani? Kama hakutenda, upanga haumhusu. Tena mistari ya 8 hadi 10 yafundisha kwamba upendo haumfanyii jirani baya, na kwa hiyo upendo ndio utimilifu wa sheria. Anayesoma mstari wa kwanza na kuuacha wa kumi amekata mti nusu, naye ameketi juu ya tawi lake. Isaya naye, 10:1-2, anawalilia ole wale watungao amri zisizo za haki hata yatima wakawa mateka. Basi amri yaweza kuandikwa na serikali, nayo ikawa dhambi.

3. Mtoto asifanywe onyo

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wakuu wengine walisema wazi kwamba walitumaini ukali huu utawatisha watu wengine wasije. Maana yake, mtoto analia ili mtu aliye mbali asikie na kuogopa. Huyu mtoto hahukumiwi kwa tendo lake. Anatumiwa kama kengele.

Torati yalikataa jambo hili. Katika Kum. 24:16 Mungu aliagiza kwamba wana wasiuawe kwa dhambi za baba zao, na Ezekieli 18:20 yarudia kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba. Aliyewaumiza watoto ili amwogopeshe au amwondoe mtu mwingine ni Herode. Na Bwana wetu mwenyewe alivuka mpaka usiku, akibebwa, akienda Misri. Kama askari wa Misri wangalimfungia mtoto yule ili wageni wengine wasije, sisi tungalisemaje?

Tena madhara yake si ya siku moja. Mwaka 2017 chama cha waganga wa watoto wa Marekani kilitangaza kwamba hakuna ushahidi wowote wa kuonyesha kuwa muda wo wote kizuizini ni salama kwa mtoto. Wazee wetu walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mtoto aliyelelewa na mlinzi na kufuli atakua na nini moyoni?

4. Haki iliyoandikwa

Wako Wakristo wanaodhani kwamba "haki" ni neno la dunia tu. Lakini Paulo alipofungwa kwa kupigwa mijeledi, aliuliza kama ni halali (Mdo. 22:25). Hakuona haya kuitaja sheria. Basi sisi nasi tuijue. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ya mwaka 1989, katika kifungu cha 37, yaagiza kwamba kumfunga mtoto kuwe njia ya mwisho kabisa, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Mwaka 2017 kamati mbili za Umoja huo zilieleza zaidi: kumfunga mtoto kwa sababu ya uhamiaji, wake au wa wazazi wake, hakuwi kamwe kwa faida yake. Tanzania iliyathibitisha Mapatano hayo mwaka 1991. Marekani iliyatia sahihi mwaka 1995, lakini haikuyathibitisha.

5. Yatupasayo sisi

Msaada si jambo lisilowezekana. Shirika la Kilutheri la Marekani la kuwahudumia wakimbizi, lililoanza mwaka 1939, liliwatafutia baadhi ya watoto waliotenganishwa nyumba za malezi, yaani jamaa za kuwalea kwa muda. Na mwezi wa Juni 2018 viongozi wa dini nyingi, Askofu Elizabeth Eaton wa Kanisa la Kilutheri akiwamo, walitia sahihi tamko la pamoja la kuipinga desturi ile. Hivyo mikono ilifanya kazi, na kinywa nacho kikanena, kama Mit. 31:8 ituagizavyo.

Wala tusinyoshe kidole ng'ambo tu. Nchi yetu imewapokea wakimbizi wengi, na Walutheri wamewahudumia hapa tangu mwaka 1964. Lakini mgeni asiye na hati akikamatwa katika barabara zetu, je, twauliza kama ana mtoto, na mtoto huyo amelala wapi? Amri ya Tano haikatazi kuua tu. Yatuagiza pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Mchungaji na wazee wa usharika waweza kwenda kwa ofisa kwa adabu, kuuliza, na kusema, "Tupeni sisi mtoto huyu tumtunze mpaka shauri liishe."

Maswali ya kuzungumza

1. Kut. 22:21-24 yasema Mungu asikia kilio cha nani? Na Mwa. 21:17?
2. Serikali yaweza kufanya nini kwa haki mpakani, na ni nini isichoweza?
3. Katika usharika wetu ni nyumba ipi iliyo tayari kumpokea mtoto mgeni usiku huu?

Na tuombe: Bwana Yesu, uliyekimbizwa ungali mtoto, uwaangalie watoto walio nyuma ya kufuli. Uwape watawala hofu yako, nasi utupe kinywa cha kunena na mlango ulio wazi. Amina.