Tumeshinda tukitazama mashindano

Somo la wiki hii ni la sebuleni, si la darasani. Linawahusu wale ambao kila mwezi wa Julai, wakishakula chakula cha mchana, hukaa mbele ya televisheni kutazama watu wenye jezi za rangi rangi wakipanda milima ya Ufaransa kwa baiskeli. Mko wengi kuliko nilivyodhani. Nilipouliza darasa la wakubwa, mikono saba ilinyooshwa, na mmoja wa akina baba aliyekuwa mlangoni akimsubiri mwanawe akanyoosha wake pia.

Kwanza kisa cha nyumbani kwangu. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa, akamkuta mjukuu wake ameitolea macho Tour de France. Akakaa naye. Baada ya kimya kirefu akauliza, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, huyu aliye mbele ndiye anayeshinda?"

"Hapana, Bibi."

"Basi nani?"

"Yule wa njano, kule nyuma."

"Aliye nyuma ndiye anayeshinda?"

Kijana akafungua mdomo aeleze, maneno yakamkwama. Akamalizia kwa Kiingereza kwamba ni mambo magumu kidogo. Mama akasema, "Haya," akajifunga leso yake vizuri akaenda jikoni. Nilitaka kumkemea mtoto, kisha nikajiuliza: ningeulizwa mimi, ningejibu nini? Mtoto huyu anajua kuomba chakula kwa Kiswahili, kusalimia, kuomba radhi. Jambo analolipenda kuliko yote hatukuwahi kumpa maneno yake. Basi tuyatafute leo.

Jibu la swali la Bibi ni hili. Tour de France si mbio za siku moja. Ni mashindano ya hatua 21, yanayochukua wiki tatu na siku mbili za mapumziko ndani yake, na jumla ya safari ni zaidi ya kilomita 3,000. Kila siku kuna anayefika wa kwanza; huyo ameshinda hatua. Lakini muda wa kila mpanda baiskeli unaandikwa na kujumlishwa na muda wa siku zilizopita, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Wanaofika pamoja katika kundi moja huandikiwa muda mmoja. Kwa hiyo mtu anaweza kufika wa hamsini leo na bado akaongoza, mradi asiachwe mbali. Bibi akiendelea kukunja uso, mwambie ni kama hesabu za duka: haangaliwi aliyeuza sana leo, anaangaliwa aliyebaki na faida mwisho wa mwezi.

Rangi ya njano ilianza mwaka 1919. Gazeti lililoandaa mashindano, L'Auto, lilichapishwa kwenye karatasi za njano. Kuna pia jezi ya kijani ya pointi, ya madoa mekundu ya mfalme wa milima, na nyeupe ya kijana bora. Hizo mtazizoea wenyewe ndani ya siku tatu.

Sasa jambo lenyewe, ambalo bila kulijua mtu atatazama miaka kumi na asione kitu. Adui mkubwa wa mpanda baiskeli barabarani ni upepo, hata siku ambayo majani hayatikisiki, kwa maana anayekwenda kilomita 45 kwa saa anajitengenezea upepo wake mwenyewe usoni. Anayejibana nyuma ya mwenzake, tairi lake la mbele likikaribia kugusa la nyuma la mwenzake, anaweza kuokoa theluthi moja ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo sababu wanakwenda kwa msafara. Ndiyo sababu pia wale wawili watatu wanaochomoka asubuhi mara nyingi hunaswa jioni: wao ni watatu wanaopokezana kukata upepo, na nyuma yao kuna watu mia na zaidi.

Kila timu ina watu 8. Mmoja au wawili ndio wanaotarajiwa kushinda, na kazi ya waliobaki ni kuwahudumia hao. Wanamkinga nahodha upepo. Wanarudi nyuma kwenye gari la timu na kurejea na chupa za maji zimejaa mgongoni ndani ya jezi kama mtu aliyebeba machungwa. Nahodha akipata pancha wanamngoja, na mara nyingine wanampa baiskeli yao wenyewe. Wafaransa wana neno la kumwita mtu huyu ambalo maana yake ni mtumishi wa nyumbani. Darasani tulijadiliana tukalikataa, tukachagua *mpambe*, kama mpambe wa rais au mpambe wa bibi harusi: yuko karibu siku nzima, anafanya kazi yote, na picha si yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha ustadi wake, kwa kuwa kitenzi kimoja kinaweza kuusimulia mchezo mzima. Chukueni *kinga*. Mpambe anamkinga nahodha. Nahodha anakingwa. Walio mbele wanakingana, huyu dakika moja, yule dakika moja. Aliyeachwa peke yake hana wa kumkinga, anajikinga kwa kuinama tu. Fanyeni vivyo hivyo kwa *pita* na *acha*. Amempita, amepitwa, wanapitana. Amemwacha, ameachwa, wameachana. Lakini angalieni: *ameachia* ni jambo jingine kabisa. Aliyeachwa alikuwa bado anapigana. Aliyeachia amechoka, amekubali, amelifungua kundi liende zake.

Mfano mzuri wa mpambe tunaujua, naye anahusika na kwetu. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na mchezo wa baiskeli alijifunzia Kenya kwa David Kinjah, mpanda baiskeli wa Kenya aliyewafundisha vijana wengi nyumbani kwake huko Kikuyu. Baadaye Froome alishindana kwa jina la Uingereza. Mwaka 2012 alikuwa mpambe wa Bradley Wiggins aliyekuwa na jezi ya njano. Katika hatua ya 11, kwenye mpando wa kwenda La Toussuire, Froome alichomoka, na Wiggins akaanza kuachwa. Kwa muda mfupi kila aliyekuwa akitazama aliona wazi kwamba mpambe ana nguvu kuliko bwana harusi. Kisha Froome akaambiwa kwa redio ya sikioni apunguze mwendo. Akapunguza. Wiggins akashinda Tour mwaka ule, Froome akawa wa pili.

Mimi nasema *alingoja*. Mwanangu anasema *alingojeshwa*. Tofauti yetu ni silabi moja tu, na tumeigombania wiki nzima, kwa Kiswahili, mezani na ndani ya gari, bila mtu yeyote kukimbilia Kiingereza. Kwangu mimi aliyekubali kazi ya kumkinga mwenzake ameahidi, na ahadi haivunjwi pale tu unapojiona una nguvu. Yeye anasema nguvu za mtu ni zake, na kumzuia ni dhuluma. Ulizeni nyumbani kwenu. Froome mwenyewe alikuja kushinda mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, na kila mara alikuwa na wapambe waliomngoja yeye.

Kisa cha 2016 ni cha wadogo, wajifunze *-ka-* ya kusimulia. Ilikuwa tarehe 14 Julai, kwenye Mont Ventoux, mlima mkali wa kusini mwa Ufaransa. Umati ulikuwa umesogea mpaka katikati ya barabara. Pikipiki iliyokuwa mbele ikasimama ghafla. Richie Porte akaigonga, Froome na Bauke Mollema wakajikuta chini pamoja naye. Baiskeli ya Froome ikavunjika, na gari la timu yake likawa limekwama mbali. Akafanya nini? Akakimbia. Mwenye jezi ya njano, na viatu vyake vya baiskeli visivyofaa hata kutembelea sokoni, akaupanda mlima kwa miguu. Akapewa baiskeli ya akiba isiyomfaa, akahangaika nayo, kisha akapata ya timu yake. Baadaye waamuzi wakamhesabia muda sawa na wa Mollema, akabaki na njano yake. Someni aya hii kwa sauti mkiitafuta kila *ka*. Halafu mmoja asimame aisimulie bila kutazama karatasi.

Mtangazaji, tofauti na msimuliaji, hana muda wa *-ka-*. Yeye anaona jambo limetokea sasa hivi, kwa hiyo anaishi kwa *-me-*: msafara umevunjika, mnyororo umekatika, tairi limepasuka, barabara imelowa. Na kuweni waangalifu kati ya *ameanguka* na *ameangushwa*. La pili linamtafuta mwenye kosa, na kama hukumwona, usiliseme.

Watoto wengine wananiuliza kama kuna mtu anayefanana nao ndani ya msafara ule. Yupo, ingawa ni wachache bado. Biniam Girmay ametoka Asmara, Eritrea, nchi ambayo watu wake wanapenda mbio za baiskeli kama sisi tunavyopenda mpira. Mwezi Mei 2022 alishinda hatua ya Giro d'Italia, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mashindano makubwa ya wiki tatu. Akapanda jukwaani kufungua chupa ya kusherehekea, kizibo kikamrukia jichoni, akalazimika kujitoa. Naam, ushindi wenyewe ndio uliomwondoa. Akarudi. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna Mwafrika aliyewahi kulifanya. Na wasichana, msidhani mmesahauliwa: Tour de France Femmes ilianza mwaka 2022, na mwaka 2025 Kim Le Court wa Mauritius alishinda hatua humo na kuvaa jezi ya njano. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, mji ambao vilima vyake havikuhitaji kuongezewa chochote.

Kitenzi cha mwisho nimekiacha kwa makusudi. *Shinda* ni kupata ushindi. Ukiongeza *-wa*, ameshindwa. Ukiongeza *-ana*, wanashindana. Wanachokishindania ni jezi. Lakini Bibi akipiga simu jioni na kuuliza, "Mmeshindaje?" haulizi mmemshinda nani. Anauliza mchana wenu umekwendaje. Kushinda ni pia kupitisha mchana mahali: ameshinda shambani, ameshinda njaa, tumeshinda kwa shangazi. Hatua ya baiskeli huchukua saa nne au tano, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna kinachotokea ila mashamba ya alizeti, makanisa ya zamani na ng'ombe. Mnaokaa mbele yake mwaelewa neno hili kuliko wengine. Wadogo wajaribu kulisema hili haraka mara tatu: *Tumeshinda tukitazama mashindano, na aliyeshinda hatujamjua.*

Sasa kazi ya nyumbani. Chagueni hatua moja, ikiwezekana ya milimani, kwa kuwa ile ya tambarare huamuliwa dakika ya mwisho na anayesinzia hukosa yote. Zikibaki kilomita 10, zimeni sauti ya televisheni, mtangaze wenyewe kwa zamu, kila mtu dakika mbili. Wazazi, nawaomba kitu kimoja: mtoto akisema "msafara limevunjika" katika kilomita ya mwisho, mwacheni. Ngeli zitasahihishwa wakati wa chai. Ukimkatiza pale anapopiga kelele kwa furaha, kesho atapiga kelele kwa Kiingereza.

Baada ya hapo mtumieni Bibi au Babu ujumbe wa sauti, mkieleza kwa nini aliye nyuma anaweza kuwa ndiye anayeongoza. Hatua nyingi humalizika karibu saa kumi alasiri kwa saa za hapa Uingereza, ambayo kwa Mombasa na Dar es Salaam ni karibu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo msiwapigie wakati wa adhana ya magharibi. Mama yangu siku hizi hangoji kupigiwa. Anapiga yeye, na kabla ya salamu kuisha anauliza kama wa njano ameachwa.

Wanaotaka kuona kwa macho yao, Tour ya mwaka 2027 imepangwa kuanzia Edinburgh, na ya wanawake Leeds. Barabarani hakuna tiketi, mtu husimama tu pembeni na sandwichi yake. Darasa la wakubwa waandike pia nusu ukurasa: Froome alingoja, au alingojeshwa? Madaftari nitayakusanya Jumamosi ya kwanza baada ya likizo.